Jiwe la Kusagia na Saa ya Ukutani: Teknolojia Mpya Kijijini katika Wimbo wa Lawino, Ukisomwa Kutoka Ihanja

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayojirudia katika historia ya fasihi ya Afrika Mashariki ni lile la namna mtu wa kijijini alivyovipokea vyombo vipya vilivyoletwa kwake na serikali, misheni, mfanyabiashara au mwanawe mwenyewe aliyerudi kutoka shule. Jibu lililozoeleka ni kwamba aliviogopa kwa kuwa hakuvielewa, na kwamba elimu ilipoenea hofu hiyo ikatoweka. Jibu hili ni jepesi, na limeleta madhara. Mhadhara huu unalichunguza kwa kuusoma upya utungo mmoja mashuhuri, yaani Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek. Utungo huo ulizaliwa katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda, lakini tangu mwaka 1975 umo pia katika Kiswahili. Usomaji huo unafanywa kwa kuuweka utungo kando ya maisha ya wakulima na wafugaji wa Tanzania ya kati, hususan Ihanja katika Mkoa wa Singida.

Ihanja ni kata iliyomo katika Wilaya ya Ikungi, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Singida Vijijini. Wenyeji wake wengi ni Wanyaturu, watu wa mtama, uwele, ng'ombe na nyumba za tembe, katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Hakuna anayedai kwamba Okot aliwaandikia Wanyaturu. Hata hivyo, utungo unapohamia katika lugha nyingine hupata hadhira nyingine, na hadhira hiyo huja na mafiga yake, jiwe lake la kusagia na namna yake ya kuhesabu saa. Ni haki kuuliza utungo huo unasema nini kwa hadhira hiyo.

Historia ya matini

Okot p'Bitek alizaliwa Gulu mwaka 1931 na kufariki mwaka 1982. Mama yake alikuwa mwimbaji, na mtoto huyo alikulia katika nyimbo, ngoma na methali za Kiacholi kabla ya kwenda kusoma elimu, sheria na baadaye elimu ya jamii za watu katika vyuo vikuu vya Uingereza. Utungo wake ulitoka kwa Kiingereza jijini Nairobi mwaka 1966, nayo matini ya Kiacholi ikachapishwa mwaka 1969. Tafsiri ya Kiswahili, iliyofanywa na Paul Sozigwa, mtangazaji aliyepata kuwa mkurugenzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, ilichapishwa mwaka 1975.

Mwaka huo una uzito wa aina mbili. Kwanza, ulikuwa katikati ya mjadala mkali kuhusu umbo la ushairi wa Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alikuwa amechapisha Kichomi mwaka 1974, nao K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi wakatoa Malenga wa Bara mwaka 1976. Watetezi wa arudhi walishikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Wimbo wa Lawino uliingia katika mjadala huo bila kuomba ruhusa: utungo mrefu usiofuata vina vya kati na vya mwisho, lakini ambao mpigo wake ulitoka katika uimbaji wa kijijini kabisa. Hivyo ulionyesha kwamba utungo usiofuata arudhi unaweza kuwa na mizizi mirefu katika mapokeo ya Kiafrika.

Pili, mwaka 1975 ulikuwa mwaka wa vijiji. Tarehe 6 Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri. Katika miaka ya 1974 na 1975 mamilioni ya wananchi walihamishwa, na mahali pengine kwa nguvu. Mwaka huo huo wa 1975 Bunge lilipitisha Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa. Lawino alianza kusema Kiswahili wakati ambapo mkulima wa Tanzania alikuwa akiambiwa kila siku namna ya kujenga, kulima, kupika na kunywa maji. Si lazima kudai kwamba mfasiri alikusudia kulijibu zoezi hilo. Inatosha kuona kwamba msomaji wa wakati ule hangeweza kuukwepa ulinganisho huo.

Kesi mbele ya ukoo

Muundo wa utungo ni wa shauri. Lawino ni mke wa Ocol, msomi aliyemtwaa mwanamke wa mjini aitwaye Clementine na kumdharau mkewe wa kwanza. Lawino humsemesha mumewe, kisha huwageukia ndugu wa ukoo na kuwaita washuhudie. Kwa hiyo kila chombo kipya anachokitaja, kiwe jiko au saa, hakielezwi kama kifaa tu. Kinaletwa barazani kama kielelezo cha kesi. Kosa linaloshtakiwa ni dharau, na mshtakiwa ni mume aliyevitumia vyombo hivyo kumpimia mkewe ujinga.

Jambo hili ndilo wasomaji wengi hulikosa. Wakimsikia Lawino akikiri kwamba hajui kuwasha jiko la mafuta, huhitimisha kwamba utungo unahusu ujinga wa mwanamke wa shamba, au kinyume chake, kwamba unasifu ujinga huo. Lakini mwombolezaji anayekiri mbele ya ukoo hafanyi hivyo kwa unyonge. Anatumia mbinu ya zamani ya barazani: kukubali jambo dogo ili jambo kubwa lionekane. Hajui kuwasha jiko, sawa. Je, kutojua huko ni sababu ya kumwita mbwa?

Jiko na mafiga

Katika sehemu inayohusu upishi, Lawino anaeleza majiko matatu: la mkaa, la mafuta ya taa na la umeme. Jiko la mafuta linamtisha kwa ngurumo yake, ambayo anaifananisha na ya simba dume, na linapoziba hajui namna ya kulizibua. Jiko la umeme linamtisha zaidi. Katika imani ya Waacholi radi ni ndege mkubwa mfano wa jogoo anayekuja na mvua, na Lawino anasema Wazungu wamemnasa jogoo huyo na kumfungia ndani ya nyumba ya chuma.

Ni rahisi kuicheka picha hii. Lakini msomaji wa Kiswahili hana haki ya kucheka, kwa kuwa lugha yake imefanya jambo hilo hilo. Neno umeme lilikuwa jina la mmweko wa radi kabla halijawa jina la nguvu inayopita katika nyaya. Mswahili alipokutana na nguvu hiyo hakutafuta neno geni. Alitazama mbinguni, akaona kinachofanana nacho, akakipa jina la huko. Lawino anafanya kazi ile ile ya kuainisha: anakiweka kitu kipya katika jamii ya vitu vinavyojulikana, na anakiweka mahali sahihi, kwa maana umeme wa nyaya na umeme wa mawingu ni kitu kimoja, na vyote viwili huua.

Baada ya hofu hufuata hoja za ufundi, na hapa utungo unakuwa makini zaidi kuliko inavyodhaniwa. Jiko la kisasa ni bapa kama uso wa ngoma. Chungu cha udongo kina kitako cha mviringo, hivyo hakiwezi kukaa juu yake. Ugali wa ulezi unahitaji chungu kilichoshikwa imara na mafiga, ili mpishi apate kukandamiza mwiko kwa nguvu. Tena jiko hilo humlazimisha mtu apike akiwa amesimama. Lawino anahitimisha kwamba majiko ya Kizungu yanafaa kwa vyakula vya Kizungu. Anachokataa ni dai kwamba chombo kimoja kinafaa kila chakula na kila jiko.

Mpishi wa Ihanja anaielewa hoja hii bila kufafanuliwa. Ugali wa uwele au mtama ni mzito, na sufuria nyepesi juu ya jiko jembamba huyumba na kumwaga. Tangu miaka ya 1980 miradi mingi ya majiko sanifu imeendeshwa katika Afrika Mashariki, na somo moja limejitokeza tena na tena: jiko lililobuniwa bila kumtazama mpishi anavyokaa, anavyosonga na anavyochochea huishia pembeni mwa nyumba. Lawino alilisema somo hilo mwaka 1966.

Anaongeza jambo jingine. Anaitaja miti ya kuni mmoja mmoja kwa tabia zake: upi hupasuka kwa urahisi, upi una vifundo vinavyoshinda shoka, upi huwaka taratibu kwa mwali mzuri. Hii ni sayansi ya nishati, iliyokusanywa kwa vizazi na kuhifadhiwa katika kumbukumbu za wanawake. Ocol hana habari nayo. Kwa hiyo katika nyumba hiyo wajinga ni wawili, kila mmoja katika elimu ya mwenzake, lakini mmoja tu ndiye anayeitwa mjinga.

Saa na jua

Chombo cha pili ni saa kubwa aliyoileta Ocol nyumbani. Inagonga, inalia kengele, na wageni wakija huistaajabia. Lawino anaukiri uzuri wake. Lakini hajui kuisoma, na Ocol hukasirika chakula kinapochelewa, mgeni anapokuja bila miadi, au mtoto anapolia wakati usiopangwa. Lawino anajibu kwamba mtoto hanyonyeshwi kwa ratiba: akilia, hupewa ziwa. Siku kwake ina alama zake, nazo ni jogoo, jua, kivuli na mifugo. Miezi nayo ina majina ya mvua, njaa na mavuno.

Hapa msomaji wa Kiswahili anasimama mahali tofauti na msomaji wa Kiingereza, na jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Kiswahili huanza kuhesabu saa alfajiri na magharibi. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa nzima baadaye ni saa moja asubuhi. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribiana kwa urefu mwaka mzima, hesabu hiyo ina mantiki kamili. Saa ya ukutani ilipofika Afrika Mashariki ilikuja na hesabu nyingine, inayoanza usiku wa manane na adhuhuri. Mzungumzaji wa Kiswahili hakuikataa, wala hakuitii. Mshale mfupi ukielekea saba, yeye husoma moja. Mashine inasema lake, naye anasema la jua, na mamilioni ya watu hufanya hivyo kila siku bila kufikiri.

Tendo hilo dogo ni jibu la jamii nzima kwa teknolojia, nalo si la hofu wala la kuiga. Ni kukitumia chombo huku kipimo kikibaki cha mwenye nyumba. Lawino angekuwa na lugha inayomruhusu kuisoma saa ya Ocol kwa jua, pengine sura hiyo ya ugomvi wao ingekuwa fupi. Maneno mengine ya Kiswahili yanashuhudia desturi hiyo hiyo: garimoshi ni gari lenye moshi, ndege wa angani alilipatia chombo cha kuruka jina lake, na neno simu, ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake ni waya, limeendelea kutumika hata baada ya simu kuacha waya.

Jiwe mama na mashine

Kiini cha sehemu ya upishi ni jiwe la kusagia. Lawino analiita jiwe mama, lenye tumbo lililobonyea, tumbo lisilopata mimba kamwe, na juu yake hupita jiwe binti. Anaeleza nyimbo za kusaga na mwendo wa kiuno cha msagaji. Sifa hizi zimewafanya baadhi ya wahakiki waseme kwamba utungo unaipamba kazi ngumu. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Kusaga uwele wa kulisha nyumba nzima juu ya jiwe ni kazi ya saa nyingi, tena ya magoti na mgongo, na katika vijiji vya Tanzania ya kati mashine ya kusaga ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo ambavyo wanawake walivitaka wenyewe. Yeyote anayemtumia Lawino kuhubiri kwamba mwanamke wa kijijini abaki na jiwe lake anamsingizia.

Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyaturu na kuchapisha kitabu juu ya Wahi mwaka 1970, alisisitiza kwamba watu hao ni wahesabuji makini wa faida na hasara katika nafaka, mifugo na kazi. Marguerite Jellicoe, katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya mabadiliko ya jamii huko huko Wahi, aliwapa wanawake nafasi kubwa. Kwa watu wa namna hii swali kuhusu chombo kipya si kama ni cha kale au cha kisasa. Wanauliza kinagharimu nini, nani atakitengeneza kikiharibika, na nini kitafuata kikikosekana.

Swali la mwisho si la nadharia tu. Katika uhaba wa mafuta na vipuri uliolikumba taifa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mashine nyingi za vijijini zilinyamaza. Nafaka ilirudi jiweni na kinuni. Mwanamke aliyekuwa bado na jiwe lake alilisha watoto. Mkoa wa Singida una mfano wa zamani zaidi. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilijenga reli kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, na katika miaka ya 1940 reli hiyo ikafungwa na kung'olewa. Miaka mingi ilipita kabla ya reli ya kutoka Manyoni kufika tena Singida. Watu walioona garimoshi likija, kisha mataruma yakibebwa, hawawezi kulaumiwa wakikipokea chombo kipya huku mkono mmoja ukiwa bado umeshika cha zamani.

Hapo ndipo methali ya Waacholi iliyo moyoni mwa utungo inapopata maana yake kamili: boga la kiambo cha zamani haling'olewi. Kaya za Waacholi zilipohama, maboga yaliyoachwa yaliendelea kutambaa na kuzaa, na katika njaa yaliokoa watu. Methali haimkatazi mtu kuhama, bali inamkataza kukiharibu kilichobaki nyuma kwa sababu tu yeye amehama.

Ocol na lugha ya maendeleo

Okot alimpa Ocol nafasi ya kujibu katika utungo wa pili. Majibu yake ni ya kuangamiza: vijiji vichomwe, maboga yang'olewe, ujengwe mji mpya, na minara ya heshima isimamishwe kwa Leopold wa Ubelgiji na Bismarck wa Ujerumani. Ocol ametumia vyombo maisha yake yote bila kuhoji ni vya nani na vya kazi gani, na hatimaye hana cha kutetea ila vyombo hivyo.

Katika historia ya Tanzania sauti hiyo haikuwa ya hadithi tu. Maafisa waliohamisha watu mwaka 1974 mara nyingi walizungumza kwa lugha ya Ocol: ushamba, ukaidi, kushikilia mila. Lakini kulikuwa na njia nyingine wakati huo huo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana juu ya vyoo, maji na malaria. Humo redio, chombo kipya kuliko vingi, haikuwa ya kumdhalilisha mtu. Ilizungumza lugha yake, kisha ikamwachia nafasi ya kujadili na kuamua. Tofauti kati ya zoezi la vijiji na kampeni ya redio haikuwa katika teknolojia. Ilikuwa katika heshima.

Lawino mwenyewe anaisema tofauti hiyo waziwazi. Anakubali kwamba dawa za Kizungu zina nguvu, ila za Kiacholi nazo zina nguvu. Anasema hazielewi desturi za wageni lakini hazidharau, kisha anamuuliza mumewe kwa nini azidharau zake mwenyewe. Hakuna mahali anapomtaka Ocol aitupe saa au avunje jiko.

Hitimisho

Usomaji huu umeonyesha mambo matatu. Kwanza, hofu ya Lawino ni aina ya maarifa: anakiainisha kitu kipya kwa vitu anavyovijua, kama Kiswahili kilivyofanya kwa neno umeme. Pili, pingamizi zake nyingi ni za kiufundi, nazo zimethibitishwa na historia ya majiko na mashine zilizofuata. Tatu, shauri lake halimhusu mwenye chombo na asiye nacho, bali anayeheshimu na anayedharau.

Kwa wanafunzi wa fasihi, matokeo yake ni kwamba utungo huu usiwekwe tena katika kapu la mgongano wa ukale na usasa bila kuulizwa ni ukale gani na usasa wa nani. Kwa wanaisimu, unaalika utafiti wa namna jamii za bara, Wanyaturu wakiwemo, zilivyovipa majina vyombo vipya katika lugha zao za asili kabla ya jina la Kiswahili kuenea. Kila jina la namna hiyo ni kumbukumbu ya siku jamii ilipokitazama kitu kigeni na kuamua kikae wapi. Wazee wanaoyakumbuka wanapungua, nayo nyaya za umeme na minara ya simu imekwishafika vijijini. Kazi hiyo haina budi kufanywa mapema.